Zoni za Afya na Feza ya Mgonjwa

Mapadri na wakatekista wa inchi yetu wanaijua habari hii: mama amezaa salama, mtoto ni mzima, lakini hospitali haimruhusu kutoka kwa sababu jamaa zake hawajalipa. Anakaa siku kumi, majuma matatu, akila chakula cha kuombaomba, na kila siku deni laongezeka. Kisha mtu anakuja kugonga mlango wa parokia. Tumezoea kusema kwamba Serikali haina feza, ao kwamba wauguzi wana mioyo migumu. Hatukatai, maneno hayo yana ukweli wake. Lakini tukifuata historia ya matunzo ya wagonjwa katika Kongo, twaona swali lililo zito zaidi: feza ya matunzo yaombwa saa gani, na ikiisha kulipwa yashikwa na nani?

Wakati wa Wabeleji, mwenyeji aliyeugua kwa kawaida hakulipa. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha FOMULAC kwa kazi ya uganga huko Kisantu; mwaka 1930 ukaanzishwa mfuko wa FOREAMI kwa jina la Malkia Elisabeth, na watu wake wakazunguka kijiji kwa kijiji katika Bas-Congo wakitafuta ugonjwa wa malale. Masista walishika dispanseri, makampani ya madini yalijenga hospitali za wafanyakazi wao. (Hatusemi kwamba ni mapendo peke yake yaliyowasukuma: kampani ilitaka mikono yenye nguvu.) Kazi ilikuwa kubwa, lakini kichwa chake kilikuwa Ulaya. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya udaktari. Walikuwapo wasaidizi wa wanganga, watu wenye ujuzi mwingi, ambao walifanya kazi ya munganga bila cheo chake wala mshahara wake. Wabeleji wengi walipokimbia, Shirika la Afya la Ulimwengu liliwapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa wakamilishe masomo, nao wakarudi wanganga kamili.

Jambo bora lilizaliwa baadaye, tena mbali na mji mkuu. Katika miaka ya 1970, huko Kasongo ya Maniema, Bwamanda, Vanga, Kisantu na mahali pengine, watu wa misioni na wa Serikali walijaribu utaratibu mpya. Hospitali moja izungukwe na vituo vidogo; kila kituo kitunze watu elfu tano hata elfu kumi; muuguzi azijue jamaa zote, apime watoto, achanje, na mgonjwa anayemshinda amtume hospitali pamoja na barua. Yote yawe mwili mmoja chini ya munganga mkuu mmoja. Mkutano wa Alma-Ata ulipokutana Septemba 1978 na kusifu njia ya namna hiyo kwa dunia nzima, wenzetu walikuwa wamekwisha kuianza. Serikali ya Zaire ikaufuata mfano wao, na kati ya mwaka 1982 na 1985 ikaigawa inchi yote katika zoni za afya 306. Nyingi ziliachwa mikononi mwa misioni za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Leo zoni ni 519. Tawala zimeanguka, vita vimepita na vingine havijapita, lakini zoni zingali zikisimama. Ni kazi chache za dola yetu ambazo twaweza kuzisema hivyo.

Basi, kilichopunguka ni nini? Nyumba ilichorwa vizuri, lakini haikuwekewa akiba. Zoni ziliambiwa zijitegemee, maana yake mgonjwa alipe. Muda wote wafadhili wa ng'ambo walipoleta dawa na petroli, shimo halikuonekana. Baada ya uporaji wa Septemba 1991 wengi wao wakaondoka. Mshahara wa Serikali ukawa karatasi: mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Muuguzi naye ana watoto. Akaanza kuishi kwa mkono wa mgonjwa. Biro ya zoni ikadai sehemu yake katika mapato ya kituo, na wakubwa wa juu wakadai sehemu yao kwa biro. Feza iliyopaswa kushuka toka Serikali hata kijiji ikageuka, ikapanda toka kijiji hata kwa wakubwa. Zaidi ya hayo, sindano na serumu zina faida, lakini kupima watoto hakuna faida. Kila mtu aweza kujua ni kazi gani iliyozidi na gani iliyopungua.

Hapa twapenda kukaa kidogo juu ya Bwamanda, misioni ya Wakapusini katika Ubangi. Mwaka 1986 wakuu wa zoni ile waliona kwamba mkulima ana feza mara moja kwa mwaka, anapouza kahawa na soya, lakini ugonjwa haungoji mavuno. Wakaanzisha mfuko: jamaa nzima inalipa mchango mdogo wakati wa kuuza mazao, kila mtu sehemu yake, wazee na watoto pia, ili wasiandikwe wagonjwa peke yao. Mwenye kadi akiugua apite kwanza kwenye kituo chake, apewe barua, na hospitalini alipe sehemu moja tu katika tano. Katika majuma manne ya kwanza iliandikwa zaidi ya robo ya watu. Mchango ulikusanywa na wauguzi wa vituo, ambao watu waliwajua kwa sura na kwa tabia. Wala haukupelekwa Kinshasa.

Mfuko ule haukuwa dawa ya kila kitu. Waliokaa karibu na hospitali waliutumia kuliko wale wa mbali, na kwa kweli mtu anayetembea siku mbili amelipa kwa miguu yake kabla ya kufika. Thamani ya feza ilipoanguka kila juma, akiba ilibidi igeuzwe haraka iwe vitu. Tena hospitali ilikuwa na wafadhili nyuma yake. Hata hivyo, mtu maskini aliweza kulipa alipokuwa na kitu.

Hospitali zetu za misioni nazo zimezuia wagonjwa kwa ajili ya deni, tusijifiche. Sista anayeongoza hospitali atauliza kwa haki: nikiwaacha wote waende, dawa za mwezi ujao nitazinunua na nini? Hatuwezi kumjibu kwa mahubiri.

Mwaka 2018 ilitoka sheria mpya juu ya afya ya watu wote, na Septemba 2023 Serikali ilianza Kinshasa kulipia uzazi, kisha ikaendelea katika majimbo mengine. Utaratibu ni kwamba hospitali imtunze mama kwanza, na mfuko wa Serikali ulipe nyuma. Hilo ni jema sana, ikiwa malipo yafika. Yakichelewa, hospitali yabaki na rafu tupu, na mama anayefuata atatumwa tena kununua dawa sokoni. Kwa hiyo biro za uganga za majimbo ya Eklezya ziandike kila mwezi kiasi kilichotumiwa na kiasi kilicholipwa, na maaskofu wasione haya kudai kinachobaki.