Plaketi za freni: namna ya kuzibadilisha nyumbani bila kuhatarisha maisha

Mutu akitoka Bukavu kwenda Uvira kwa barabara ya taifa namba 5, anateremuka mulima wa Ngomo mbele ya kufika Kamanyola. Ku mitelemuko kama ile, na hata ile mifupi ya Kadutu, gari yenye kujaa watu na mizigo inashikwa na vipande vidogo ambavyo wengi hawajaviona na macho: plaketi za freni. Ku magari mengi madogo, kila ruu ya mbele iko na plaketi mbili. Kuzibadilisha ni kazi ya nusu siku, na mutu mwenye uangalifu anaweza kuifanya ndani ya parseli yake. Lakini kazi hii iko na sehemu chache ambapo kosa moja linaweza kuua.

Vile freni inafanya kazi

Shofere akikanyaga pedali, likide ya freni inapita mu tuyo na kusukuma pistoni iliyo ndani ya etriye, ni kusema kile chuma kinachokumbatia disiki. Plaketi zinabana disiki pande zote mbili, na ruu inapunguza mbio. Plaketi imetengenezwa ili iishe pole pole, kusudi disiki idumu. Mwenye kuchelewa kununua plaketi, kesho atanunua plaketi pamoja na disiki.

Alama za kwamba zimeisha

Plaketi mupya iko na unene wa karibu milimita 10 upande wa kusugua. Zikibaki milimita 3, wakati wa kubadilisha umefika. Plaketi nyingi ziko na kachuma kadogo ambako kwa kipimo kile kanagusa disiki na kupiga filimbi. Filimbi ikigeuka sauti ya kukwaruza, chuma kimefika ku chuma.

Alama ingine iko ndani ya kopo la likide: plaketi zikiendelea kwisha, likide inashuka. Wengi wanaongeza tu na kuendelea na safari. Afazali kuangalia kwanza plaketi, na tena kuhakikisha kama hakuna pahali panapovuja.

Wakati wa kununua, namba ya shasi inasaidia sana. Plaketi za Corolla na za RAV4 hazifanane, na hata Corolla za miaka mbalimbali zinatofautiana. Plaketi zinabadilishwa ku ruu zote mbili za mbele kwa siku moja. Ku upande mumoja tu, gari itavuta kando shofere akifunga freni.

Kuinua gari

Gari inasimama pahali pa sawa, penye udongo mugumu. Parseli nyingi za Bukavu ziko ku mutelemuko. Kama hakuna pahali pa sawa, kazi ipelekwe kwingine. Vitesi inatiwa, freni ya mukono inavutwa, mawe yanawekwa mbele na nyuma ya ruu za nyuma. Bulo za ruu zinalegezwa kidogo wakati ruu ingali chini. Ndipo kriki inainua gari, na chandele, kile chuma cha miguu cha kubebea gari, inawekwa chini ya shasi. Kazi ya kriki ni kuinua, si kubeba. Matofali nayo si ya kubeba gari: yanaweza kupasuka mara moja.

Kutoa na kutia

Kazi ifanyike upande mumoja kwanza. Ule mwingine ubaki muzima kuwa mufano.

Nyuma ya etriye kuko bulo mbili. Ku magari mengi, kufungua ile ya chini kunatosha, na etriye inapinduka juu kama kifuniko. Ikitolewa nzima, inafungwa na waya ku resori. Isiachwe ininginie ku tuyo, juu tuyo inaweza kupasuka ndani bila kuonekana.

Vumbi nyeusi haipulizwe na mudomo wala na kompresa: plaketi zingine za zamani zilikuwa na amianti, ambayo inaharibu mapafu. Inapanguswa na kitambaa chenye maji. Disiki nayo inaangaliwa. Unene wa chini kabisa unaokubaliwa umeandikwa ku disiki nyingi zenyewe. Iliyopita pale inabadilishwa.

Pistoni inarudishwa ndani pole pole na kibano cha seremala, plaketi ya zamani ikiwekwa juu yake. Kopo la likide lichungwe, juu likide inapanda, na ikimwangika ku rangi ya gari, inaila. Ku magari mengine, pistoni za nyuma zinafungana na freni ya mukono na zinarudi kwa kuzungushwa tu. Kuzisukuma kwa nguvu ni kuzivunja. Ile ni kazi ya garaji.

Plaketi mupya zinaingia, upande wa kusugua ukitazama disiki. Grese ya freni inapakwa kidogo ku vyuma vya kutelezea na ku mugongo wa plaketi, kamwe si ku uso wake. Bulo za etriye zinakazwa vizuri, ruu inarudishwa, na bulo zake zinakazwa moja moja kwa kupishana.

Pedali mbele ya motere

Hapa ndipo hatari kubwa iko. Pistoni ikisharudishwa ndani, iko mbali na plaketi, na pedali ikikanyagwa mara ya kwanza inaenda mpaka chini bila kushika kitu. Kwa hiyo, mbele ya kuwasha motere, pedali inakanyagwa mara nyingi mpaka inakuwa ngumu. Kisha likide inaangaliwa. Mwenye kusahau hatua hii atagundua pale gari inaanza kuteremuka. Kama pedali inabaki laini, hewa imeingia mu tuyo au kuna pahali panapovuja: gari haitoke mpaka fundi aione.

Likide ya kuongeza ni ile ya namba iliyoandikwa ku kifuniko, DOT 3 ao DOT 4, bila kuchanganya na maji ya sabuni wala mafuta ya motere. DOT 3 ikiwa mupya haichemke mbele ya digri 205. Ikisha kunywa maji ya hewani, inaweza kuchemka karibu na digri 140, na likide yenye kuchemka haisukume pistoni. Ndiyo maana mafundi wanashauri kuibadilisha kila miaka 2.

Siku za kwanza

Plaketi mupya hazishike vizuri mara moja. Ku barabara ya sawa isiyo na watu, shofere anapunguza mbio kutoka kilomita 50 mpaka 10 kwa saa, mara kumi hivi, akiacha freni zipoe katikati. Safari ya Ngomo ingoje mpaka hapo. Na siku ya kuteremuka mulima ule, vitesi ya pili ndiyo inashika gari kwanza. Freni zinakanyagwa kwa vipande, zisikanyagwe toka juu mpaka chini, juu plaketi yenye kupata joto kupita kiasi, hata iwe mupya namna gani, inaacha kushika.