Maji Yanaenda Wapi?

Kisiwa cha Remba hakina barabara ya magari. Ni mwamba mdogo katikati ya Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay, umejaa nyumba za mabati zilizobanana na maelfu ya watu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania waliofuata samaki. Hapo husikii honi ya matatu. Lakini injini zipo, nyingi tu, zimefungwa nyuma ya boti. Na swali linaloulizwa zikianza kusumbua ni jamaa ya swali la fundi wa jua kali matatu ikiingia stage ikitoa mvuke kwa boneti: maji yanaenda wapi?

Hilo swali lina historia, na sehemu nzuri ya hiyo historia imepita hapa kwetu.

Tuanze na jambo ambalo kila dereva analijua hata kama hajawahi kulisema. Injini ni moto uliofungiwa ndani ya chuma. Katika petroli unayonunua, karibu theluthi moja tu ndiyo inasukuma gari. Theluthi nyingine inatoka kwa ekzosi ikiwa joto. Iliyobaki inaingia kwenye chuma chenyewe, na usipoitoa, chuma kinapinda, pistoni inakwama, na hiyo injini unaiuza kwa kilo. Kazi ya maji ni kubeba hilo joto na kulitupa nje.

Kabla ya petroli kulikuwa na mvuke, na mashine ya mvuke haikutumia maji kujipoza. Ilikula maji. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kitu cha kwanza kuisumbua, hata kabla ya wale simba wa Tsavo, kilikuwa kiu. Nyika ya Taru ni kavu. Ilibidi treni zibebe maji kuwapelekea wafanyakazi waliokuwa mbele, na injini iliyoyavuta hayo maji nayo ilikuwa inakunywa njiani. Mwaka 1899 reli ikafika mahali ambapo Wamaasai waliita Enkare Nairobi, maji baridi. Ndiyo, jiji letu lilianza kama mahali pa kupumzisha reli, palipokuwa na maji kabla ya kupanda milima. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani, Port Florence, ambayo leo ni Kisumu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, meli ya mvuke tayari ilikuwa imeshushwa ziwani. William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa kutoka pwani na kuunganishwa tena huku. Ilipoingia majini mwaka 1900, ikawa mahali ambapo hakuna mashine ingekufa kiu. Lolwe, kama Waluo wanavyoliita hili ziwa, si la chumvi.

Sasa turudi kwa gari. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari ambalo mume wake Karl alikuwa ameliunda, akawapakia wanawe wawili, akatoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, zaidi ya kilomita 100. Njiani walisimama mara kwa mara kuongeza maji. Gari halikuwa limeharibika. Lilikuwa limeundwa hivyo: maji yalipoza injini kwa kuchemka na kupotea hewani, nawe unaongeza mengine. Mambo yalibadilika sana kuanzia mwaka 1900, Wilhelm Maybach alipotengenezea gari jipya la Mercedes rejeta ya sega la nyuki, yenye vijibomba zaidi ya 8,000 vya kupitisha upepo. Kadiri rejeta zilivyoboreshwa, maji yakawa yanazunguka tu: yanatoka injini yakiwa moto, yanapozwa, yanarudi.

Hapo ndipo kuvuja kulipogeuka kuwa ugonjwa. Bertha hangeuliza maji yanaenda wapi, kwa sababu kila mtu aliona yanakwenda hewani. Ni pale maji yalipotakiwa yasipungue hata tone ndipo kupungua kukawa ishara.

Na hapa kwetu ishara hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu tunaishi juu. Ufukweni mwa ziwa uko karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nairobi ni kama 94. Timboroa, reli inapopita juu ya mita 2,700, ni kama 91. Injini ya gari hufanya kazi karibu na nyuzi 90, so ukiwa kule juu kuna nafasi ndogo sana kabla ya mambo kuchemka. Kinachookoa gari ni kifuniko cha rejeta. Kinafunga mvuke ndani, presha inapanda, na maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Sasa fikiria hosi yenye katundu ka sindano. Maji yanayotoka ni kidogo, hata huoni. Lakini presha imetoka nayo, na kwenye mlima, gari iliyokuwa sawa Kisumu inaanza kuchemka.

Ndiyo maana fundi mzuri hakimbilii kufungua kitu. Kwanza anaacha injini ipoe, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa kikiwa moto maji yanakurukia usoni. Halafu anafuata maji, na yana njia tatu tu.

Ya kwanza ni nje. Anatafuta alama kavu, ukoko mweupe au wa kijani kwenye viungo vya hosi, chini ya pampu ya maji, kwenye pembe za rejeta. Anatandika kartoni chini ya gari usiku na asubuhi anasoma madoa. Kama ana pampu ya mkono yenye geji, anatia presha injini ikiwa baridi na kuangalia kama mshale unashuka. Anagusa kapeti miguuni pa abiria wa mbele: ikiwa na unyevu, huenda kirejeta kidogo cha hita ndicho kimetoboka.

Ya pili ni ndani ya oili. Anachomoa kijiti. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mahali hayafai.

Ya tatu ni kuchomwa. Gasketi ya silinda hedi ikikatika, maji yanaingia chumba cha moto na kutoka kwa ekzosi kama moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto. Kwenye rejeta unaona mapovu: moto unapuliza ndani ya maji.

Kazi hiyo yote inafanywa kwa macho, pua na vidole, na imefundishwa kwa kukaa karibu na mtu anayejua, kuanzia karakana za reli hadi mabanda ya jua kali. Spana ni hatua ya mwisho.

Remba swali linageuka. Injini ya boti, aina ambayo Ole Evinrude alianza kuuza Marekani mwaka 1909, haina rejeta. Rejeta yake ni ziwa zima. Pampu yenye kigurudumu cha mpira inavuta maji chini, inayapitisha kwenye injini na kuyatupa nje. Sehemu ndogo hutokea kwenye kitundu kilicho nyuma, kijito chembamba kama cha mtoto anayekojoa. Nahodha akiwasha injini, macho yanaenda hapo. Fundi wa barabarani anaogopa maji yanayotoka. Nahodha anaogopa maji yasiyotoka.

Kikauka kijito, sababu huwa karibu. Mchanga umekula mabawa ya kile kigurudumu cha mpira. Au mfuko wa plastiki umeziba mahali pa kuvutia maji; Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, lakini ziwa ni la nchi tatu. Au ni gugumaji, mmea uliofika ziwani kwenye miaka ya mwisho ya 1980 na kuenea sana katika miaka ya 1990. Nahodha ana dakika chache za kuzima, kuinua injini na kuondoa uchafu. Akichelewa, pistoni inakwama.

Kwa gari, ungevuta kando ya barabara upigie mtu simu. Majini hakuna kando. Mbuta walioletwa ziwani miaka ya 1950 walizaana sana kufikia miaka ya 1980, viwanda vya minofu vikafunguliwa, na wavuvi wakaanza kuwafuata mbali zaidi ya pale tanga na kasia zilipokuwa zinafika. Injini ndiyo iliwapeleka huko na ndiyo inawarudisha. Ikikwama, upepo ndio unaamua unaelekea wapi, na Remba haiko mbali na Migingo, ambako Kenya na Uganda zimevutana kuhusu mpaka kwa miaka mingi. Boti isiyo na injini haijui mpaka.

Bado swali la mwanzo linadai jibu. Yale maji ya gari yanayovuja, au kulanti anayomwaga fundi mtaroni akibadilisha rejeta, yanaenda wapi? Kulanti ina glaikoli, kitu kitamu mdomoni na sumu mwilini. Mbwa na watoto wamekufa kwa kuilamba. Glaikoli yenyewe huozeshwa na bakteria baada ya muda, lakini kulanti iliyotumika hubeba pia madini ya injini na rejeta, kama shaba na risasi, na hayo hayaozi. Mtaro wa Kisumu unashuka ziwani. Mto Kuja na Mto Migori zinakutana na kushuka ziwani. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile pale Jinja.

Na Remba, ziwa hilo hilo linalopoza injini ndilo linalochotwa kwa ndoo kupikia omena na kujaza mtungi wa kunywa. Fundi wa Migori akitega debe chini ya rejeta kabla ya kufungua hosi, anamlinda mtu ambaye hatawahi kumwona.