Karibu Miaka 300 ya Kujifunza Kulivuta Jino Taratibu

Maumivu ya vyuma vya meno hayamkuti mtu kwenye kiti cha daktari. Binti wa kaka yangu alitoka kliniki asubuhi akicheka, akijitazama kwenye kioo cha simu na kumwonyesha kila aliyepita. Jioni, mezani, aling'ata kipande cha ndizi ya kupika kilichoiva hadi kulainika, akakirudisha sahanini. "Shangazi, hata ndizi siwezi." Usiku aliamka, shavu limechubuliwa na ncha ya waya iliyojitokeza nyuma ya gego. Tulimega nta kidogo, kama punje ya choroko, tukaifinyanga kwa vidole mpaka ikalainika, tukaifunika ile ncha. Akalala. Asubuhi alikunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo.

Kilichoniuma mimi ni maneno aliyopewa pale kliniki: vikiuma sana ujue vinafanya kazi. Nimeyasikia kwa watu wengi mno, na si kweli. Historia nzima ya vyuma hivi inayakanusha.

Karibu miaka 2,000 iliyopita, Mrumi Celsus aliandika juu ya mtoto ambaye jino la utotoni limegoma kutoka na la ukubwani limeota kando yake. Ng'oa la zamani, alisema, kisha lisukume jipya kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Hapakuwa na waya wala skrubu, kidole tu na subira, na shauri lake halikuwa baya hata kidogo.

Waliokuja baadaye walikuwa na haraka zaidi. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard, anayehesabiwa kuwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa, alitoa kitabu chake kikubwa cha fani hiyo. Humo alieleza kuhusu kipande cha dhahabu au fedha kilichokunjwa mfano wa kiatu cha farasi, ambacho meno yaliyopinda yalifungwa kwacho kwa uzi ili yavutwe kidogo kidogo. Lakini jino likiwa kaidi, alilishika kwa koleo na kulisogeza papo hapo, kisha akalifunga kwa majirani zake lishike. Mgonjwa aliyavumilia hayo akiwa macho. Usingizi wa etha ulionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846 tu, na aliyeuonyesha, William Morton, alikuwa daktari wa meno. Hata huo usingemfaa mtu wa vyuma, ambaye huumwa kwa siku kadhaa. Nani awekwe usingizini siku tano?

Mmarekani Edward Angle ndiye aliyeifanya kazi hii kuwa fani inayojitegemea. Mwaka 1899 alipanga makosa ya meno katika makundi kwa kutazama jinsi gego la kwanza la juu linavyokutana na la chini, na mwaka uliofuata akafungua shule yake St. Louis. Niseme hapa kwamba Angle alikuwa akitafuta jinsi ya kung'ata na kutafuna sawasawa. Huku kwetu mwanya wa mbele ni uzuri wa mtu, na sioni kwa nini mtoto afungwe chuma kuuziba kama hajauomba mwenyewe.

Wakati Angle akibuni vifaa, Msweden Carl Sandstedt alitaka kujua mfupa unafanya nini. Alivuta meno ya mbwa, kisha akakata vipande vyembamba vya taya na kuvitazama kwa hadubini. Matokeo yake ya mwaka 1904 ndiyo ningependa kila mzazi ayajue. Jino halikupandwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Linaning'inia katika nyuzi laini zenye mishipa midogo ya damu. Ukilisukuma polepole, upande unaobanwa mfupa huliwa taratibu, na upande unaoachwa mfupa mpya hujengwa. Ukilisukuma kwa nguvu nyingi, mishipa ile hufinywa, damu haipiti, na tishu hufa mahali hapo. Jino halisogei tena. Linabaki limekwama hadi mwili uje kuula mfupa kutoka nyuma. Nguvu kubwa imeleta maumivu, na jino limechelewa.

Mwaka 1932 Martin Schwarz aliipa nguvu hiyo kipimo: isizidi shinikizo la damu katika mishipa ile midogo, yaani gramu 20 hadi 26 kwa sentimita ya mraba. Kiasi hicho ni kidogo kuliko uzito wa yai la kuku. Raymond Begg wa Australia, mwanafunzi wa Angle mwenyewe, aliacha nyaya nene za mwalimu wake akatumia nyaya nyembamba za mviringo za chuma kisichoshika kutu, alizofuliwa na fundi wa metali Arthur Wilcock.

Waya laini kuliko zote ulitoka mahali ambapo hakuna aliyewaza meno. Katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, William Buehler alikuwa akichanganya nikeli na titani. Kwenye kikao kimoja mwaka 1961 waliohudhuria walipitishiana kipande cha metali hiyo kilichokunjwa kunjwa. Mmoja wao, David Muzzey, akakipasha moto kwa kiberiti cha kiko chake, na kipande kikajinyoosha mbele ya macho yao. Miaka kumi hivi baadaye George Andreasen wa Iowa aliuingiza waya huo mdomoni. Hupindishwa ufuate meno yaliyokaa ovyo, nao hurudi kwenye umbo lake pole pole kwa wiki kadhaa. Mpwa wangu amefungwa huo.

Maumivu hayakuisha, na anayeahidi kuyamaliza hasemi kweli. Huanza saa chache baada ya waya kufungwa, hufika kileleni siku ya pili, kisha hushuka. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu. Kemikali hizo hizo zina kazi katika kuujenga upya mfupa unaozunguka jino, ndiyo sababu madaktari wengi hushauri parasetamoli kwa siku mbili tatu za mwanzo badala ya dawa za jamii ya aspirini. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza vidonda vya shavu. Mahindi ya kuchoma, karanga na muwa vingoje.

Kwa hiyo nawaomba wazazi jambo moja. Msimwambie mtoto avumilie tu. Maumivu yakizidi wiki bila kupungua, ufizi ukivimba, au waya ukiendelea kuchoma baada ya nta, mrudisheni kliniki siku hiyo hiyo bila kungoja miadi ya mwezi ujao. Ncha ya waya hukatwa kwa dakika moja. Ya mpwa wangu ilikatwa siku ya tatu, na siku ya sita alikula ugali.