Mcheza Kwao Hutuzwa, au Hutunzwa?

Methali hii tunaitamka kwa namna mbili. Wapo wanaosema mcheza kwao hutuzwa, yaani hupewa zawadi kwa ngoma aliyokwisha kuicheza. Wengine husema hutunzwa, yaani huwekwa vizuri ili aendelee kuwepo. Tofauti ni herufi moja tu, lakini ndani yake umo ubishi mzima wa michezo ya kulipwa. Mchezaji wa kutegemewa mkataba wake ukiisha, klabu inamlipa kwa alichofanya jana au kwa atakachofanya kesho?

Ubishi huo nataka kuufuata Marekani, kwenye kandanda yao ya mpira wa umbo la yai na kofia ngumu. Kule swali hili limepita mahakamani mara kadhaa, na watu walioanza kulichokoza walikuwa wapokeaji, wale wanaokimbia mbele kudaka pasi.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huo: timu hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo kuna mpokeaji wa kushangiliwa, anayedaka pasi ndefu na kufunga, na kuna mpokeaji wa kutegemewa. Huyu wa pili, zikibaki yadi 6 na jaribio moja la maana, anakupatia yadi 7. Kazi yake haing'ai kwenye picha za marudio, maana faida yake kubwa ni balaa ambalo halikutokea. Sasa hebu lipangie bei balaa ambalo halikutokea.

Kwa miaka mingi hakuna aliyehitaji kulipanga. Swali la "tumlipe abaki?" halikuwa na maana, kwa kuwa mchezaji hakuwa na pa kwenda. Klabu ilimshika kwa mkataba, na mkataba uliipa haki ya kumwongezea mwaka mmoja hata kama hakusaini upya. Mwaka huo ukiisha alikuwa huru kwenye karatasi. Kwa vitendo, vilabu havikuwa na desturi ya kunyang'anyana watu.

R. C. Owens aliivunja desturi hiyo. Alikuwa mpokeaji wa San Francisco 49ers tangu 1957, mcheza kikapu wa zamani aliyeruka juu ya mabeki na kudaka mipira iliyorushwa kama ya kubahatisha. Mwaka 1961 alipata yadi 1,032, mpokeaji wa kwanza wa klabu hiyo kuvuka 1,000 katika msimu mmoja. Akamaliza mwaka wake wa ziada, na mwaka 1962 akahamia Baltimore Colts. Wenye vilabu walishtuka. Mwaka 1963 ligi ikapitisha kanuni iliyokuja kuitwa kwa jina la kamishna wake, Pete Rozelle: klabu ikimchukua mchezaji aliyemaliza mkataba, iifidie klabu ya zamani, na zisipoelewana, kamishna aamue fidia mwenyewe.

Ujanja wa kanuni hiyo ulikuwa kwamba haikumkataza mtu kuhama. Ilimtisha mnunuzi. Nani atamchukua mpokeaji leo bila kujua kesho ataambiwa atoe nini? Dave Parks, mpokeaji mwingine wa 49ers, alipohamia New Orleans Saints mwaka 1968, Rozelle aliwapa 49ers mchezaji ambaye Saints walikuwa wamemchagua raundi ya kwanza mwaka huo, pamoja na nafasi yao ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata. Wengine wakaelewa somo. Kati ya 1963 na 1974, wachezaji 176 walimaliza mwaka wao wa ziada, na 34 tu ndio waliosaini na klabu nyingine.

Aliyeipeleka kanuni hiyo mahakamani naye aliishi kwa kudaka pasi: John Mackey wa Baltimore, rais wa chama cha wachezaji. Mwaka 1975 jaji wa Minneapolis aliamua kwamba kanuni ya Rozelle ilivunja sheria za ushindani wa biashara, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Lakini ushindi wa mahakamani ulipofika kwenye meza ya mazungumzo ulipunguzwa makali. Ikabidi pite migomo ya 1982 na 1987, na kesi nyingine ya 1992, ndipo uhuru wa kweli wa kuhama ukaanza mwaka 1993. Wapenzi wa soka wakumbuke kwamba hukumu ya Bosman, iliyowafungulia mlango wachezaji wa Ulaya, ilikuja Desemba 1995.

Uhuru huo ulikuja na vizuizi viwili. Cha kwanza ni kikomo cha mishahara, kilichoanza 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa kila klabu. Tangu hapo, shilingi unayompa huyu umemnyima yule. Cha pili ni lebo: kila mwaka klabu inaweza kumbandika lebo mchezaji wake mmoja anayemaliza mkataba, ikamlipa mshahara mnono wa msimu mmoja, na kwa kawaida hahami. Inasikika kama heshima. Twende kwa Wes Welker tuone.

Welker alikuwa mfupi kwa kazi yake, kama mita 1.75. Mwaka 2004 vilabu vyote vilimpita kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya. New England Patriots walimchukua kutoka Miami mwaka 2007, na kwa misimu 6 akadaka pasi 672. Katika misimu 5 kati ya hiyo alivuka pasi 100. Alicheza katikati ya uwanja, mahali ambapo ukigeuka na mpira unakutana na beki anayekuja mbio. Januari 2010 goti lake lilichanika kano, na Septemba mwaka huohuo alikuwa uwanjani.

Msimu wa 2011 alidaka pasi 122, hakuna aliyemfikia katika ligi nzima. Mkataba ukaisha. Kabla ya hapo ikaja fainali ya Februari 2012 dhidi ya New York Giants. Zimebaki dakika 4 hivi, Patriots wanaongoza 17–15, Tom Brady anarusha, pasi inakwenda nyuma kidogo ya bega, Welker anaruka, anaigusa kwa mikono miwili, inamponyoka. Giants wakashinda 21–17. Mpokeaji wa kutegemewa hukumbukwa kwa pasi moja iliyomtoka kuliko mia zilizokaa. Fadhila za punda, ati.

Mwezi mmoja baadaye alibandikwa lebo: msimu mmoja kwa dola milioni 9.515, wakati kikomo cha klabu nzima kilikuwa milioni 120.6. Akacheza, akadaka pasi 118. Machi 2013, akikaribia miaka 32, hatimaye alikuwa huru, na soko likampa alichobakiza: miaka 2 kwa Denver Broncos, dola milioni 12. Patriots wakamchukua Danny Amendola, mwenye miaka 27, kwa mkataba wa miaka 5 uliotajwa kufikia milioni 31.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na sidhani kama upande wowote ulikuwa wa kijinga. Waliotaka alipwe walisema kuaminiana kati ya mrushaji na mpokeaji hakununuliwi dukani; Brady alikuwa akirusha mpira kabla Welker hajageuka, akijua atakuwepo. Waliotaka aachwe walisema ile nafasi ndiyo inayozaa pasi, mtu hubadilishwa, na umri hauna huruma.

Matokeo yaliwapa nguvu hao wa pili. Mwaka 2013 Julian Edelman, aliyekuwa kikosini tangu 2009 na kuchaguliwa raundi ya mwisho kabisa, alidaka pasi 105. Februari 2015 Patriots walitwaa ubingwa, na Amendola na Edelman wote walifunga katika fainali. Welker, huko Denver, alipata mtikisiko wa ubongo mara mbili katika msimu wa 2013 na mara nyingine Agosti 2014. Mwaka 2015 alicheza michezo michache St. Louis, ikawa basi.

Kwa hesabu, basi, Patriots walikuwa sahihi kumwacha. Nakubali. Ila naona watu waliubishania mwaka usio wenyewe. Machi 2013 hakukuwa na la kuamua sana. Thamani ilikuwa imeshatumika. Uamuzi ulifanyika Machi 2012, mchezaji aliyeongoza ligi kwa kudaka alipokuwa tayari kwenda sokoni, na mlango ukafungwa kwa lebo. Klabu ilipata pasi 118 zaidi bila kubeba hatari ya miaka iliyofuata. Hatari hiyo ilibaki kwa Welker peke yake, kwenye magoti na kichwa chake. Kanuni ya Rozelle ilimtisha mnunuzi; lebo inasubiri bidhaa ichakae ndipo inamruhusu mnunuzi aingie. Kwa mtu ambaye kazi yake inahesabika kwa misimu, mwaka mmoja ni mali.

Nikiulizwa basi, timu imlipe mpokeaji wa kutegemewa abaki? Najibu: imlipe mapema, kwa miaka kadhaa, wakati uaminifu wake bado unatengenezwa, au imwachie mapema aende kuuza. Zote mbili ni biashara halali. Kumshika mwaka mmoja mmoja huku ukimsifia ni kumtuza bila kumtunza.

John Mackey hakunufaika na mlango aliousukuma. Aliacha kucheza mwaka 1972. Miaka ya baadaye akili yake ilififia kwa maradhi ya ubongo, na mwaka 2007 ligi na chama cha wachezaji walianzisha mfuko wa kuwahudumia wachezaji wa zamani wenye hali kama yake, wakauita kwa namba ya jezi yake, 88. Alifariki Julai 2011. Huo mfuko ni matunzo, hakuna ubishi. Ulikuja tu miaka 35 baada ya pasi yake ya mwisho.