Gugumaji na chujio la injini ya boti

Ndugu mvuvi, na wewe unayesafirisha dagaa: hadi miaka ya 1980 wazee wengi wa Ziwa Victoria hawakulijua gugumaji. Asili yake ni Amerika Kusini. Mto Kagera ulilishusha ziwani, na katikati ya miaka ya 1990 lilifunika ghuba nyingi. Kule Jinja lilisumbua hata mitambo ya umeme ya Owen Falls. Wakaletwa mbawakavu wa kulila, likapungua, lakini halijaisha.

Hapo ndipo chujio linapokuhusu. Injini ya ndani hupoozwa kwa maji ya ziwa. Mizizi ikiziba njia, injini inachemka. Chagua chujio lenye bakuli angavu uone uchafu, na midomo yake isiwe myembamba kuliko bomba lako. Lifunge kati ya valvu ya kuingizia maji na pampu, mahali mkono unafika.

Kulisafisha, zima injini na funga valvu kwanza (wapo wanaosahau, boti ikaanza kujaa). Toa majani, kagua mpira wa mfuniko, kisha fungua valvu tena. Ukiwasha, tazama maji yanayotoka nyuma. Yakiwa machache kuliko jana, rudi kwenye chujio kabla hujaondoka mwaloni.