Mtafiti wa ndege aliyeacha mpaka Taveta

Mtalii akikaa Moshi siku mbili hakosi kusimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, Mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa kwake, ndiyo maana mpaka wa Tanzania na Kenya ukapinda. Hadithi tamu, lakini tarehe zinaikataa. Mkataba uliouweka mpaka huo ni wa Novemba 1886, na Wilhelm hakuwa Kaisari hadi 1888. Anayestahili kutajwa ni kijana mmoja wa London aliyekuja mlimani, kwa maelezo yake, kutafuta ndege, wadudu na maua.

Kijana huyo, Harry Johnston, alizaliwa 1858. Alisomea uchoraji kabla ya kuzama katika elimu ya wanyama, akasafiri hadi Kongo na kukutana na Stanley huko 1883. Mwaka uliofuata wanasayansi wa Uingereza walimpa fedha achunguze viumbe wa Kilimanjaro. Alitokea Mombasa na wapagazi wake, akavuka nyika, akaingia Moshi. Moshi hiyo si mji wa leo uliokua kando ya reli. Ni Old Moshi, kule juu migombani, alikotawala Mangi (yaani mtawala wa Kichagga) Rindi, ambaye watu wa misafara ya pwani walimwita Mandara.

Rindi alikuwa na jicho moja na Kiswahili kizuri, na aliwajua wageni kuliko wao walivyomjua. Mmisionari Charles New, aliyefika hadi kwenye theluji mwaka 1871, alirudi miaka michache baadaye akaporwa mali yake Moshi, kisha akafia njiani akirejea pwani. Kwa Rindi, Mzungu alikuwa mlango wa bunduki na vitambaa, na bunduki alizihitaji: jirani yake, Mangi Sina wa Kibosho, hakuwa mtu wa mchezo. Johnston alipewa mahali pa kujenga, akalima bustani, akachora na kukusanya. Alivutiwa na vihamba na mifereji ya Wachagga iliyoteremsha maji kutoka msituni. Lakini mwenyeji hakutaka mgeni wake, pamoja na shehena ya zawadi, aende kwa mamangi wengine. Urafiki ukaingia nyufa. Johnston akateremka Taveta, kisha akapandia Marangu kwa Mangi Marealle.

Alidai kufika karibu mita 4,970. Wapo waliotilia shaka, na kwa kweli Johnston hakuwa mtu wa kujipunja sifa. Mikusanyo yake, hata hivyo, haina ubishi. Chozi wa milima mirefu, mwenye rangi ya kijani inayometameta na manyoya mekundu ubavuni, aliitwa Nectarinia johnstoni mwaka 1885. Mwaka huohuo mbega wa Kilimanjaro, yule mwenye mkia mweupe uliofurika kama ufagio, alielezwa kisayansi kutokana na ngozi alizopeleka London. Hata ule mmea wa ajabu wenye shina nene na kichwa cha majani, unaowasimamisha wapandaji kupiga picha juu ya msitu, una jina lake: Dendrosenecio johnstonii. Kitabu chake cha 1886 kuhusu safari hiyo alikipamba kwa michoro yake mwenyewe.

Ila katikati ya kuchuna ngozi za wanyama na kukausha majani, Julai 1884, aliandika barua kutoka Moshi kwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza akishauri nchi ya Kilimanjaro itwaliwe na kuletewa walowezi. Hapo ndipo ninaposhindwa kumwita mwanasayansi tu. Alipofika Taveta alipata mkataba wa ardhi kutoka kwa wenyeji, na karatasi hiyo baadaye ikaishia kwa wafanyabiashara wa Kiingereza.

Mwaka 1885 Jenerali Mathews alipanda mlima kwa niaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, akapata utii wa mamangi, Rindi akiwamo. Wiki chache baadaye akatokea Carl Jühlke, mtu wa mkoloni wa Kijerumani Carl Peters, na Rindi akaweka alama kwenye karatasi ya Wajerumani pia. Watu husema alidanganywa. Mimi naona alikuwa akikusanya wafadhili, asijue kwamba wao walikuwa wakikusanya nchi.

Berlin na London walipokaa mezani mwaka 1886, mlima ukaenda kwa Wajerumani kwa karatasi ya Jühlke, na Taveta ikabaki kwa Waingereza kwa karatasi ya Johnston. Mstari ulipanda kutoka pwani, ukazunguka Taveta, kisha ukapita chini ya mlima upande wa kaskazini hadi Ziwa Victoria.

Johnston mwenyewe aliendelea kupanda vyeo: Nyasaland, kisha Uganda, ambako alisaini mkataba wa 1900 na Buganda. Mwaka 1901 vipande vya ngozi alivyopeleka kutoka msitu wa Kongo vilidhaniwa kwanza kuwa vya aina ya punda milia. Alikuwa okapi, naye akabandikwa jina la Johnston.

Na ile Taveta iliyobaki kwa Waingereza? Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, majeshi ya Kijerumani yaliteremka kutoka upande wa Moshi na kuitwaa. Walikaa humo hadi Machi 1916.