Sharti Lisiloandikwa: Lugha katika Matarajio ya Kozi ya Aljebra ya Mstari nchini Rwanda, kwa Mtazamo wa Rusizi

Ikisiri

Kozi ya chuo kikuu hufunguliwa kwa mwongozo unaotaja maarifa ya awali, mahudhurio, mazoezi, mitihani na adhabu ya udanganyifu. Makala haya yanachunguza matarajio ya kozi ya aljebra ya mstari katika historia ya elimu ya juu ya Rwanda, kwa kuanzia Rusizi, wilaya ya mpakani iliyokuwa sehemu ya Cyangugu. Inahojiwa kwamba sharti zito kuliko yote, yaani lugha ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuitumia kufikiria hisabati, limebadilika mara kadhaa huku likiandikwa kwa nadra. Makala yanapendekeza sharti hilo liandikwe wazi, na Kiswahili kipewe kazi mahususi ndani yake.

1.0 Utangulizi

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hutenganisha Kamembe ya Rwanda na Bukavu ya Kongo, kisha huteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Maji yake huzalisha umeme wa mataifa matatu: kituo cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989, ni mali ya SINELAC, shirika la pamoja la Rwanda, Burundi na Kongo. Anayetaka kukokotoa namna umeme huo unavyogawanyika katika nyaya huanza na kanuni iliyotolewa na Gustav Kirchhoff mwaka 1845: jumla ya mikondo inayoingia katika kiungo ni sawa na jumla ya mikondo inayotoka. Kila kiungo huzaa mlinganyo wake. Viungo vikiwa mia, milinganyo nayo hukaribia mia, na yote hutakiwa kufumbuliwa kwa pamoja.

Aljebra ya mstari ndiyo taaluma ya kushughulikia milinganyo ya namna hiyo kwa kuipanga katika majedwali ya namba yaitwayo matriksi. Mhandisi, mtakwimu, mchumi na mtaalamu wa kompyuta wote hupitia kozi hii, kwa kawaida katika mwaka wa kwanza au wa pili. Anayeshindwa hapo hujikuta amefungiwa milango mingi kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, matarajio yanayoandikwa katika mwongozo wa kozi hii, pamoja na yale yasiyoandikwa, yanastahili kuchunguzwa kihistoria.

2.0 Mapokeo mawili ya somo moja

Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilianzishwa Butare mwaka 1963 chini ya uongozi wa padri Mkanada Georges-Henri Lévesque. Kijana wa Cyangugu aliyetaka shahada alivuka msitu wa Nyungwe kwenda huko, na lugha aliyoikuta darasani ilikuwa Kifaransa. Miaka hiyohiyo ufundishaji wa hisabati ulikuwa katika mageuzi makubwa. Jean Dieudonné alikuwa ametoa wito mwaka 1959, katika mkutano wa Royaumont, wa kuachana na jiometria ya Euclid shuleni na kuweka aljebra ya mstari mahali pake. Nchini Ubelgiji, Georges Papy aliongoza harakati za hisabati mpya, ambayo ikawa ya lazima katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1968. Mapokeo haya humtarajia mwanafunzi aanze na dhana ya jumla, yaani nafasi ya vekta na sifa zake, kisha ateremke kwenye hesabu.

Upande wa Kiingereza nao ulikuwa na mageuzi yake. Warsha za Entebbe, zilizoanza mwaka 1962, ziliandika vitabu vya hisabati mpya kwa ajili ya shule za Afrika zilizotumia Kiingereza. Katika ngazi ya chuo kikuu, hata hivyo, mapokeo ya Kimarekani yalikuja kuegemea upande wa matriksi. Kikundi cha wanahisabati kilichokutana Williamsburg mwaka 1990 kilipendekeza kozi ya kwanza ijengwe juu ya matriksi na matumizi yake, na vitabu vya Gilbert Strang wa MIT vimeueneza mwelekeo huo duniani.

Tofauti hii ina uzito katika mtihani. Mwanafunzi wa mapokeo ya kwanza hutarajiwa kuthibitisha, ilhali wa mapokeo ya pili hutarajiwa kwanza kukokotoa. Nchi inapobadili lugha ya kufundishia hubadili pia vitabu, na kwa kubadili vitabu hubadili kile kinachohesabiwa kuwa jibu zuri.

3.0 Lugha kama sharti: 1994 hadi 2017

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, chuo kikuu kilifunguliwa tena mwaka 1995. Waliosoma Rwanda, Burundi na Zaire kwa Kifaransa walikaa pamoja na waliorejea kutoka Uganda, Kenya na Tanzania waliosoma kwa Kiingereza. Chuo kilitumia lugha zote mbili, na wanafunzi wapya walipitia kwanza mafunzo ya lugha katika taasisi iliyojulikana kwa kifupi kama EPLM. Utaratibu huo ulikuwa na mapungufu yake, hasa kwa kurefusha miaka ya masomo. Hata hivyo, hapo lugha ilitajwa kuwa sharti na ikatengewa muda wake katika ratiba.

Mwaka 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika shule na vyuo vya umma. Mwanafunzi aliyeanza sekondari ya juu kwa Kifaransa mwaka 2008 alijikuta anaimaliza kwa Kiingereza. Alipofika chuo kikuu, sharti la awali la aljebra ya mstari lilikuwa hisabati ya sekondari, kama lilivyokuwa kwa waliomtangulia. Sharti la pili, la kuwa ameihamisha hisabati hiyo katika lugha nyingine, halikuhitaji kutajwa. Lilichukuliwa kuwa limetimia.

Wakati huohuo, Mfumo wa Taifa wa Sifa za Elimu ya Juu wa mwaka 2007 ulikuwa umeanza kuipima kozi kwa uniti, kila uniti ikiwa sawa na saa 10 za kujifunza. Kozi ya uniti 15 hudai saa 150, zikijumlisha mihadhara, mazoezi na kujisomea. Hesabu hiyo ni nzuri kwa mipango, lakini saa ambazo mwanafunzi hutumia kutambua kwamba dhana anayosomewa ni ileile aliyoijua kwa jina lingine hazimo ndani yake. Mwenye kuzihitaji huziiba katika usingizi wake au katika kozi nyingine.

4.0 Maneno na alama zinazoteleza

Inaweza kudaiwa kwamba hisabati ina lugha yake ya alama, na kwa hiyo mabadiliko ya lugha ya kawaida hayaidhuru. Mifano minne inatosha kulitilia shaka dai hilo.

Kwanza, katika Kifaransa cha hisabati neno "positif" hujumuisha sifuri. Asiyetaka sifuri husema "strictement positif". Katika Kiingereza "positive" huiacha sifuri nje. Mwanafunzi anayeitafsiri istilahi kwa sura yake atakosea swali ambalo hisabati yake anaijua, na msahihishaji ataandika kwamba hajaelewa. Pili, Wafaransa wengi huweka alama ya kupindua matriksi upande wa kushoto wa herufi, nao watumiaji wa Kiingereza huiweka kulia. Tatu, desimali huandikwa kwa mkato upande mmoja na kwa nukta upande mwingine. Nne, Kifaransa husema "valeur propre", ambapo "propre" ni neno la kila siku lenye maana ya kitu cha mtu mwenyewe. Kiingereza husema "eigenvalue", neno ambalo nusu yake ni Kijerumani na halimwambii lolote asiyejua Kijerumani. Aliyehama kutoka Kifaransa alipoteza hapo neno lililokuwa likijieleza.

Hakuna hata mfano mmoja kati ya hiyo unaohitaji zaidi ya sentensi moja kuufafanua. Sentensi hizo zinaweza kukaa katika mwongozo wa kozi, kando ya kanuni ya mahudhurio.

5.0 Nafasi ya Kiswahili

Katika soko la Kamembe na kwenye daraja la kwenda Bukavu, Kiswahili kimekuwa lugha ya kuhesabia fedha na mizigo kwa vizazi kadhaa. Kwa muda mrefu kilihusishwa nchini Rwanda na miji, biashara na Waislamu, kikawa na heshima ndogo shuleni. Mwaka 2017 kilifanywa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Upande wa pili wa mto, Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, daraja la Rusizi likawa kiungo cha nchi wanachama mbili: moja hufundisha aljebra ya mstari kwa Kiingereza, nyingine kwa Kifaransa, na wanafunzi wengi wa pande zote mbili wakikutana njiani huongea Kiswahili.

Si busara kudai kwamba Kiswahili kiko tayari kubeba kozi hii peke yake. Tanzania ilikifanya lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na matunda yake ni istilahi imara kama mlinganyo, kipenyo na pembetatu. Pendekezo la Tume ya Makweta, mwaka 1982, la kukipeleka sekondari na vyuoni halikutekelezwa. Tangu hapo istilahi za hisabati ya juu zimebaki bila darasa la kuzijaribu, na istilahi isiyosemwa darasani haikomai.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Viongozi wa Jumuiya waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu mwezi Mei 2017, ili uniti na wanafunzi wavuke mipaka. Uniti za aljebra ya mstari zitavuka kwa urahisi kwenye karatasi. Mwanafunzi anayezibeba hatavuka kwa urahisi huo iwapo sharti la lugha litaendelea kunyamaziwa.

Makala yanapendekeza mambo matatu. Mosi, mwongozo wa kozi utaje alama na maana zinazotumika, hasa pale mapokeo ya Kifaransa na Kiingereza yanapotofautiana. Pili, ueleze lugha ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kutumia anapouliza swali na anapofanya kazi ya kikundi, hata kama mtihani unabaki kwa Kiingereza. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki ziandae orodha fupi ya istilahi za kozi hii kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, ijaribiwe kwanza katika vyuo vya ukanda wa Kivu, ambako mahitaji yake yanaonekana kila siku. Uzoefu wa Butare baada ya 1995 unaonyesha kwamba sharti la lugha likishaandikwa, chuo hulazimika kulitafutia muda, walimu na fedha.